Mcheza Kwao Hutunzwa: Ada ya Klabu ya Vitara na Swali la Haki

Tarehe 27 Julai 2024 tulikuwa wanafunzi kama ishirini mbele ya runinga moja katika bweni letu, hapa Kampala. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na tulikuwa tukitazama chochote kilichokuja. Kilichokuja kilikuwa mchezo wa vitara: watu wawili waliovaa nguo nyeupe, nyuso zao zimefunikwa kwa wavu wa chuma, kila mmoja ameshika upanga mwembamba unaopinda kama fimbo ya mwanzi. Mmoja wao aliichezea Kenya. Anaitwa Alexandra Ndolo. Baba yake ni Mkenya, mama yake ni Mpolandi, naye alizaliwa na kukulia Ujerumani. Mwaka 2022 alipata medali ya fedha ya dunia mjini Cairo akiwa bado anaiwakilisha Ujerumani, kisha akahamia upande wa nchi ya baba yake. Siku ile ya Paris hakufika mbali. Hata hivyo tulimshangilia jinsi jirani anavyomshangilia jirani, mpaka mwenzetu mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akila rolex yake aliposema: "Huo ni mchezo wa matajiri. Sisi unatuhusu nini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na kwa siku kadhaa sikujua kwa nini maneno yale yalikuwa yamenichoma. Insha hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kwanza nikiri kwamba alisema kweli. Vitara ni mchezo wa gharama, na wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kuanza hulipa ada ya uanachama wa klabu, kisha hulipia masomo. Kwa kuanzia anaweza kuazima vifaa vya klabu. Akiendelea atahitaji vyake: kinyago, koti, suruali, glovu, kinga ya kifua, nyaya za umeme zinazowasha taa mguso unapotokea, na panga zaidi ya moja kwa sababu panga huvunjika. Seti ya mwanzo inaweza kupatikana kwa dola mia moja au mia mbili. Ya mashindano makubwa hupita kwa urahisi dola mia tano, na wengine hupita elfu moja. Katika miji kama New York, mzazi wa mtoto anayeshindana hutumia maelfu ya dola kwa mwaka, akijumlisha masomo na safari.

Nilipoanza kusoma habari za mchezo huu nilidhani bei hizo ni ujanja tu wa wenye klabu. Nilikosea, walau nusu. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, upanga wa mshindani ulivunjika na kipande kilichobaki kikapenya kinyago cha Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1980. Alifariki baada ya siku chache. Baada ya msiba huo sheria za vifaa zilikazwa. Leo nguo za mashindano ya juu hupimwa kustahimili nguvu ya nyutoni 800, na panga hutengenezwa kwa chuma cha aina maalumu kisichokatika ovyo. Basi sehemu ya ile bei ni bei ya uhai wa mtu, na hakuna mwenye akili atakayetaka ipunguzwe kwa kushona makoti ya kitambaa chepesi.

Masomo nayo yana sababu yake. Kocha wa mpira anaweza kuwafundisha vijana thelathini kwa mipira mitatu. Mwalimu wa vitara naye anaweza kuwafundisha wengi pamoja hatua za miguu, lakini ufundi wenyewe hurithishwa ana kwa ana. Mwalimu huvaa koti nene la ngozi, mwanafunzi humkabili, na kwa dakika ishirini hivi mwalimu humpa shabaha moja baada ya nyingine, akimpotosha kidogo, akimsahihisha mkono. Dakika hizo ishirini hawezi kumpa mwingine. Atakula nini asipolipwa? Kwa njia, jambo hili lina historia ya kuchekesha. Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens mwaka 1896, ilikuwa ya waungwana wasiolipwa kwa michezo. Lakini walimu wa vitara, ambao waliishi kwa kufundisha, walitengewa shindano lao peke yao, na Mgriki Leonidas Pyrgos alilishinda. Yaani waungwana waliwahitaji walimu, ila hawakutaka kuchanganyika nao katika shindano moja.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kutoza ada. Swali langu liko kwingine: je, ni haki kwamba ada hiyo ndiyo iamue nani aingie?

Mwenzangu wa rolex ana jibu jepesi, na wahadhiri wetu wa uchumi wangemuunga mkono. Bei ni bei. Hakuna mtu mwenye haki ya kucheza vitara kama alivyo na haki ya maji safi au ya kusoma. Asiyeweza kulipa akimbie. Barabara za Uganda ni bure, na Joshua Cheptegei hakuhitaji kinyago. Siwezi kulipuuza jibu hili. Mimi mwenyewe, serikali yangu ikiniuliza kama inunue vitara au dawa za zahanati, nitajibu kabla haijamaliza swali.

Lakini jibu hilo linachukulia kwamba anayenyimwa anajua alichonyimwa. Nikipita Kampala Road nikaona gari nisiloweza kulinunua, naliona. Naweza kulitamani, naweza kuamua kwamba silihitaji. Je, vitara viko hivyo?

Hapa nilisaidiwa na mfano tuliousoma katika somo la maadili. Katika kitabu chake After Virtue cha mwaka 1981, mwanafalsafa Alasdair MacIntyre anamwelezea mtoto wa miaka saba asiye na hamu ya kujifunza sataranji. Mtu mzima anamwahidi peremende za senti hamsini kila wiki akikubali kucheza, na nyingine za kiasi hicho akishinda. Mwanzoni mtoto anacheza kwa ajili ya peremende tu, na akipata nafasi ya kudanganya atadanganya. Lakini inatarajiwa kwamba siku moja ataanza kuonja utamu wa sataranji yenyewe, wa kuchambua, kubuni na kushindana kwa akili. Kuanzia siku hiyo, akidanganya atakuwa anajidanganya mwenyewe. MacIntyre anayaita hayo mema ya ndani ya shughuli, akiyatenga na mema ya nje kama pesa na sifa. Kisha anasema jambo ambalo nililipigia mstari mara mbili: mema ya ndani hutambuliwa na yule tu aliyeshiriki.

Mfano wa MacIntyre ni wa kubuni. Peter Westbrook alikuwa mtu kweli. Alikulia Newark, Marekani, kwa mama Mjapani aliyewalea watoto wake bila baba yao Mmarekani mweusi, katika mtaa ambao kijana alipotea kirahisi. Mama huyo alitaka mwanawe ajifunze vitara, na kijana hakutaka hata kidogo. Basi mama akampa dola tano ili aende kwenye somo. Alienda kwa sababu ya dola tano. Mwaka 1984, Los Angeles, alipata medali ya shaba ya Olimpiki, na mwaka 1991 akaanzisha taasisi ya kuwafundisha watoto wa New York, hasa wa familia ambazo klabu zilikuwa haziwaoni. Kutoka humo walitokea ndugu wawili, Keeth na Erinn Smart, ambao kila mmoja alirudi na medali ya fedha ya timu yake kutoka Beijing mwaka 2008. Ibtihaj Muhammad, aliyepata shaba ya timu mwaka 2016 akiwa amevaa hijabu chini ya kinyago, naye alipita hapo.

Tazama kilichotokea. Mwenye kipaji hakukijua kipaji chake. Hakukaa nyumbani akilia kwamba amenyimwa vitara. Alikuwa na furaha yake barabarani. Kama mama angesema "asiyetaka asilazimishwe", na kama mlango ungekuwa wa ada tu, pasingekuwa na lalamiko lolote, na wanauchumi wangesema soko limetosheleza kila aliyehitaji. Upotevu wa aina hii hauachi alama. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba watoto wa mitaa yetu hawalilii vitara. Watalilia vipi wasichokionja?

Sasa nitoke kwenye vitabu. Sijawahi kushika kitara. Ninachokijua ni tenisi, na nilikijua kwa njia ambayo wengi wetu hapa tumekijua, yaani kuokota mipira. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yangu anauza matoke sokoni Kalerwe, na Jumamosi nilikuwa naenda klabu moja ya mjini, nisiyoitaja, kuwaokotea wanachama mipira kwa shilingi elfu mbili. Saa saba mchana, jua likiwa kali na viwanja vitupu, meneja alituacha tucheze kwa raketi zilizokatika nyuzi. Mwanachama mmoja, mzee mpole ambaye sote tulimwita Mzee tu, aliniona. Alimwambia kocha, "Mfundishe huyu kijana, nitalipa mimi." Nikafundishwa mara mbili kwa wiki, pamoja na mwanawe ambaye tulikuwa rika moja.

Miezi saba ile ndiyo iliyonifanya nimwelewe MacIntyre bila kufafanuliwa. Wiki za kwanza nilikwenda kwa ajili ya soda aliyotununulia Mzee baada ya somo. Kisha nikaanza kuota mipira. Niligundua kwamba kuna namna ya kusimama ambayo mpira unakuja wenyewe mkononi, na kwamba ukiikosa kwa upana wa kidole mwili wote unajua. Sijapata kitu kama hicho tena, isipokuwa mara chache nikiandika.

Mwezi wa saba nilimshinda mwanawe seti mbili kwa bila. Mzee alikuwa amekaa pembeni. Alinipigia makofi, akasema, "Vizuri, kijana." Mwisho wa mwezi kocha aliniambia kwamba malipo yangu hayakuja. Mwezi uliofuata hayakuja pia. Sikuuliza. Ningemuuliza nani, na kwa haki gani? Labda Mzee alikuwa na shida za pesa. Baadaye nilisikia kwamba biashara yake haikwenda vizuri mwaka ule. Labda lile pambano halikuhusika kabisa. Nimelifikiria kwa miaka minane na bado sijui, na huko kutojua ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilirudi kuokota mipira. Mara ya kwanza nilipomwokotea mwanawe alisema ahsante bila kunitazama usoni, nami nikagundua kwamba kwa miezi saba nilikuwa najiuliza, kabla ya kila pigo, kama ninaruhusiwa kupiga kwa nguvu.

Mama alipoona nimenuna alinikumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke, na kwamba Mzee hakunidai chochote. Alikuwa sahihi. Mzee alinipa zaidi ya mtu yeyote pale klabuni, na hata leo nikikutana naye nitampigia magoti kidogo kama tunavyofundishwa. Lawama yangu si juu yake. Ni juu ya utaratibu ulioacha kila kitu kishikwe na moyo wake peke yake. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini mimi sikuwa nacheza kwetu. Nilikuwa nacheza kwa Mzee.

Hapo ndipo nilipofikia hoja yangu. Watu wanaposikitikia gharama ya vitara au ya tenisi, dawa wanayoitaja ni ufadhili: atafutwe tajiri mwenye huruma amchukue maskini mwenye kipaji. Mimi nasema nafasi ya bure isiwe zawadi ya mtu kwa mtu. Iwe deni la klabu kwa mchezo wenyewe. Kila klabu inayojiita mlezi wa mchezo iandike katika sheria zake kwamba nafasi kadhaa hazilipiwi, gharama yake igawanywe ndani ya ada za wote kama inavyogawanywa gharama ya maji ya bafuni, na anayezichukua asimjue wa kumshukuru.

Kwa nini niite deni? Kwa sababu mchezo ni mashindano, na ushindi hupata maana kutoka kwa walioshindwa. Bingwa wa klabu ambamo wameingia watoto thelathini wa wenye uwezo ni bingwa wa watoto thelathini wa wenye uwezo. Kombe lake si la uongo, ila ni dogo kuliko linavyoonekana juu ya kabati, na yeye mwenyewe, kama ameshaonja mema ya ndani, anapaswa kulijali hilo kuliko mtu yeyote. Mwanawe Mzee alihitaji kushindwa nami siku ile. Labda nilihitaji zaidi kushindwa naye mwezi uliofuata, ambao haukuwepo.

Rafiki yangu wa darasani aliyeisoma rasimu hii alinipinga vikali. Alisema wanachama watahama: kwa nini nilipie mtoto nisiyemjua? Alisema pia kwamba baadhi ya watu wanalipa ada kubwa kwa sababu ni kubwa. Mlango ukifunguliwa hawatautaka tena. Hoja ya pili ni kweli kuliko alivyodhani. Nchini Marekani vyuo vikuu mashuhuri huwapa upendeleo wachezaji wa vitara katika kuwachagua wanafunzi, na hapo ada ya klabu huanza kununua kitu kingine kabisa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwachisha kazi kocha wake wa vitara baada ya kubainika kwamba alikuwa amemuuzia baba wa kijana mchezaji nyumba kwa karibu dola milioni moja, ilhali makadirio ya kodi yaliithamini kama dola 549,000. Wote wawili walishtakiwa, na mwaka 2022 baraza la mahakama liliwaona hawana hatia, nami sina la kuongeza juu yao. Ninachokitazama ni kwamba jambo hilo liliaminika kiasi cha kufikishwa mahakamani. Hakuna mtu ambaye angeshuku kwamba nyumba imenunuliwa kwa ajili ya bao la mweso. Wanachama wa namna ile wakihama, mchezo utapungukiwa na pesa zao, na sidai kwamba pesa hizo ni kidogo. Klabu nyingine zitakufa. Afadhali nikubali hilo kuliko kujifanya kwamba haki haina gharama.

Kuhusu hoja ya kwanza, nadhani rafiki yangu anawadharau watu. Wafaransa wengi hawakuihama nchi yao serikali yao ilipoanza, mwaka 2021, kuwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo euro 50 za kusaidia kulipia klabu ya michezo. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini mtoto hakupiga goti kwa mtu. Na taasisi ya Westbrook haikujenga ukumbi wa maskini pembeni ya mji. Watoto wake walifanyia mazoezi ndani ya Fencers Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1883, kwenye sakafu ileile ya wanaolipa.

Karibu nasi zaidi, Nairobi, kuna klabu iitwayo Tsavora Fencing Mtaani, iliyoanzishwa na Mburu Wanyoike, kijana wa mitaa hiyohiyo, inayowafundisha vitara watoto wa mitaa ya mashariki ya jiji bila kuwatoza. Wale hawakungoja klabu kubwa iwafungulie mlango. Ninawavulia kofia, lakini kuna hatari moja ya kuwasifu sana. Tukizoea kwamba maskini watajifungulia klabu zao, wenye klabu za ada watapumua. Watasema, mnaona, wana yao. Na mtoto wa Huruma na mtoto wa Karen watakuwa mabingwa wawili wasiowahi kukutana ulingoni.

Sijui kama mwenzangu wa rolex ataridhika. Aliuliza mchezo ule unatuhusu nini, na pengine alitarajia nimwambie kwamba ipo siku Uganda itapata medali. Sina utabiri huo. Mimi ningependa tu mtoto mmoja pale Kalerwe apewe nafasi ya kusema "vitara sivipendi" baada ya kuvijaribu.

Likizo iliyopita nilipita mbele ya ile klabu. Bango la ada limebadilishwa, tarakimu zimekua. Nje ya ukuta palikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili hivi, akiupigapiga mpira ukutani kwa kipande cha ubao, kwa mkono wa kushoto, akiurudisha bila kuukosa. Nilihesabu mara arobaini. Aliponiona akauzuia mpira kwa mguu, akaniuliza, "Ssebo, wewe ni mwanachama?" Nikamwambia hapana. "Basi usisimame hapo," akasema, "mlinzi atakufukuza." Kisha akaendelea.